Ndundu ya Nyuma ya Ghala

Majengo, Nyeri
Mwezi wa Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Naishika miguu yako kutoka huku juu, ambako leo alfajiri maji ya kutawadhia yamenikata vidole hadi nikavihesabu kuona kama bado vyote vipo. Nimevaa fulana mbili, sweta na koti, na bado kalamu inaruka. Ukiona mwandiko umepinda usiseme nimesahau ulivyonifundisha. Ni Julai ya Nyeri, na jua hatujaliona tangu wiki iliyopita. Je, wewe umeamkaje? Chakula kinapita? Ule mguu wa kulia bado unauburura? Na kifua cha Mama kimepoa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Cherehani inakula kitambaa, na watu wa huku kwa sababu ya baridi hawaishi kushonesha makoti.

Barua ya Mama nimeipata. Usimkasirikie, nakuomba, maana ameniambia jambo ambalo najua ulimwambia asinene. Kwanza amenipa habari njema, kwamba harusi ya Zuhura imewekwa mwezi wa Mfungo Tatu. Nikafurahi mpaka nikainuka kwenye cherehani. Kisha nikageuza ukurasa nikasoma kwamba wewe hutakwenda msikitini kumwoza binti yako, na kwamba umemwomba Ami Salim akae mahali pako, kwa sababu ya mkojo. Anasema huendi tena barazani, huendi sala ya jamaa, na chai umeiacha. Wewe, Baba, umeacha chai. Hapo ndipo nilipoketi tena.

Najua mtoto hazungumzi na babake juu ya mkojo. Lakini wangu uliufuta miaka mingi na hatukuandikiana barua juu yake, kwa hiyo leo niruhusu. Sitakuandikia ushauri wangu, maana mimi ni nani. Nataka nikuhadithie habari za mzee mmoja wa huku, ambaye ana ugonjwa wako huohuo, ule wa kutetemeka uliotajiwa jina hospitali ya Mombasa, Pakinsoni. Ukishamaliza kumsoma, uamue mwenyewe kuhusu Ami Salim.

Anaitwa Mzee Ndirangu. Ndiye mwenye kibanda cha duka ninachoshonea, hapa mjini, lakini nyumba yake iko Endarasha, juu kule upande wa milima ya Nyandarua, ambako watu wanalima viazi na kufuga kondoo, na ukungu unaingia hadi jikoni. Siku za soko huteremka na basi la asubuhi, akaja kuketi kwenye benchi langu. Ana miaka kama yako. Mkono wake wa kushoto hauachi kuzungusha kidole gumba, utasema anasokota ugoro. Anatembea hatua fupi fupi. Uso wake umekaza, haucheki tena wala haununi, na sauti imeshuka chini. Mara ya kwanza nilipomwona nilikukumbuka wewe, nikajifanya natafuta mkasi.

Siku moja alikuja na suruali niliyomshonea mwenyewe, nzuri, ya vifungo mbele, kama ulivyonifundisha. Akaiweka mezani.

"Fundi, hii suruali yako ni mzuri sana," akasema, "lakini itaniua."

Nikamuuliza kama imembana.

"Hapana. Ni hii vifungo. Mimi nikisikia mkojo, mkojo haingoji. Kidole inatafuta kifungo, kifungo inakimbia, na mkojo imeshafika. Toa yote. Weka lastiki."

Aliyasema hayo barazani, na wateja wawili wameketi pale, mmoja wao mwanamke. Sauti yake ni ya chini kwa sababu ya ugonjwa, lakini hakunong'ona. Mimi nikainamisha macho kwa aibu. Akanitazama kwa uso ule usiotikisika, akasema, "Sasa wewe unaona haya ya nini? Hii ni kibofu yangu, si yako." Yule mwanamke akacheka, na mimi nikacheka, na suruali nikaitoa vifungo.

Tangu hapo tukawa marafiki. Kiswahili chake ni kile cha bara, yeye na ngeli hawajuani, nawe ungekisahihisha kutwa. Lakini yeye hunicheka zaidi nikijaribu Kikuyu, kwa hiyo tumesameheana. Ndiye aliyenieleza kwamba hakuwa hivi mwanzo. Mwanzo alijificha kama unavyojificha wewe. Alipoona amelowa mara moja kanisani, akaacha kanisa. Kisha akasema dawa ni kutokunywa, akaacha chai na uji na maji. Matokeo yake, Baba, mkojo haukupungua safari; ukawa mchache, mzito, wa kuchoma, na tumbo likafunga pia. Homa ikampanda, akaanguka nyuma ya zizi la ng'ombe, akaletwa hospitali huku Nyeri amebebwa juu ya mlango wa mbao.

Daktari aliyempokea alimuuliza, kwa nini siku zote ulikuja kliniki ukatuonyesha mkono tu? Mzee akasema, nani angemwonyesha mtoto mdogo kama wewe kibofu chake? Kwa kweli ni kama mtu anayepeleka cherehani kwa fundi, akalalamika juu ya kanyagio, na ile sindano iliyovunjika akaificha mfukoni. Daktari akampima kwanza sukari, akampima ile tezi ya wanaume, akamtibu maambukizi yaliyokuwa kwenye mkojo. Kisha akamweleza. Ubongo ndio unaotuma amri kwa mkono, na ndio unaotuma amri kwa kibofu. Ugonjwa huu ukiharibu amri, mkono unatetemeka, na kibofu nacho kinapiga kelele kabla hakijajaa. Si uchafu, si uzee tu, wala si laana ya mtu. Ni ugonjwa uleule, umehamia chumba kingine.

Akamwambia anywe maji na chai yake mchana, apunguze jioni. Asingoje mkojo umwite; yeye autangulie, aende kwa saa, awe amesikia haja au hajasikia. Njia ya kwendea choo iwe wazi, maana wagonjwa wengi wanaanguka wakikimbilia huko. Na mkojo ukichoma au homa ikija, arudi hospitali asikae nyumbani kuona haya. Nimekuandikia haya yote kwa sababu yalisemwa na daktari aliyemwona yeye. Wewe na wako mtazungumza, lakini umwambie habari za mkojo, Baba, usimwonyeshe mkono tu.

Hapo sasa anaingia mkewe, Mama Wanjiru, ambaye nampenda kama ninavyowapenda wanawake wachache sana duniani, Mama akiwa wa kwanza. Mzee hana saa ya mkono, na hata angekuwa nayo asingeitazama, ni mkaidi. Basi Mama Wanjiru alifanya nini? Alitumia redio. Redio yao hailali. Kila ikifika taarifa ya habari, yeye akiwa jikoni au shambani karibu, humwita tu, "Baba Wanjiru, habari." Mzee anachukua fimbo yake, anatoka nje. Siku ya kwanza nilipowatembelea nilidhani mzee ana ugomvi na serikali, maana kila waziri akianza kusema yeye anaondoka. Nikamuuliza kwa adabu kama hapendi siasa. Akasema, "Siasa naipenda. Ni kibofu haipendi."

Jambo jingine la mama huyu. Mzee akifika kwenye kizingiti cha mlango, miguu hugandama, utadhani imepigwa misumari. Mama alikata fito mbili nyembamba, akazilaza sakafuni mbele ya mlango. Mzee akiziona anaziruka, moja, nyingine, na mguu umeshafunguka. Sijui alilijuaje. Anasema aliona tu kwamba mumewe akivuka mfereji hagandami, akigandama ni mahali palipo sawa. Mjaribu na Mama.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Binti yao Wanjiru, mwalimu wa shule ya msingi, alipata mchumba kutoka Kangema, kwa watu wa majani chai, Murang'a kule. Ikawekwa siku ya wazee wa Kangema kupanda Endarasha kuzungumza mahari, ambayo wao huiita ruracio. Ni siku kubwa, Baba. Baba wa msichana anakaa mahali pake, hata kama anayesema ni mwingine, na watu wanaketi kutwa nzima wakisemezana kwa mafumbo.

Mzee ana ndugu yake mdogo, Muhoro, mtu mwema lakini mwoga wa maneno ya watu. Wiki moja kabla, Muhoro alikuja na shauri lake. Nilikuwepo kwao Endarasha, nampima Mzee koti.

"Ndugu yangu, hiyo siku wewe kaa jikoni, karibu na moto," akasema. "Mimi nitakaa kwa kiti yako. Watu wa Kangema wakikuona unatoka-toka, watasema hii boma iko na ugonjwa. Na wakisema hivyo, msichana ataolewa na nani?"

Usimwone Muhoro mbaya. Huku, kama huko kwetu, watu huchunguza ukoo kabla ya kuoa. Alikuwa na hofu ya kweli, na mimi nilimwelewa. Mkono wa Mzee ukazidi kusokota. Mama Wanjiru ndiye aliyejibu, akiwa anamenya viazi, wala hakuinua kichwa.

"Muhoro, huyu msichana ni wako?"

"Ni wa ndugu yangu."

"Basi ndugu yako ndiye atakaa."

Mzee akamgeukia Muhoro. "Msichana wangu akiulizwa, mimi niko jikoni na masufuria? Hapana. Nitakaa. Nikitoka, nitarudi."

Niliyasikia maneno hayo, Baba, kabla Mama hajaniandikia habari ya Ami Salim. Ndiyo maana barua yake iliponifikia nilikuwa kama mtu aliyeshasikia kesi hiyo ikihukumiwa.

Siku yenyewe niliitwa niwepo. Mzee alisema, "Wewe ulishona hii nguo. Kuja uone kama inafanya kazi." Nilimshonea suti ya kijivu, suruali ina lastiki kiunoni, imefunikwa na mkanda wa uongo ulioshonewa juu, na kwa nje hungejua. Kiti chake Mama Wanjiru alikiweka jirani kabisa na mlango, kirefu, ili asihangaike kuinuka. Kuni zote ziliondolewa njiani. Nyuma ya ghala la mahindi palizungushiwa ua wa mabua, pasafi. Mimi na Muhoro tukapewa kazi ya kumsindikiza, mmoja huku, mmoja huku, asije akateleza kwenye tope.

Wageni wakafika wamechoka na njia. Msemaji wao alikuwa mzee mrefu wa kofia ya kizungu, Mzee Kamande, ambaye inasemekana huazimwa hata na vijiji vingine kwa sababu ya ulimi wake. Chai ikamiminwa. Chai ya huku, Baba, ni ya maziwa, inaletwa kwa kikombe kisicho na aibu, na ukikataa cha pili umemtukana mwenye nyumba. Ikafuata uji, kisha chai tena.

Kabla sijaendelea, lazima nikueleze desturi yao moja. Wazee wa upande mmoja wakitaka kushauriana, huinuka, hutoka nje, wakasimama kando wakinong'onezana, halafu wakarudi na jibu. Kutoka huko kunaitwa kwenda ndundu. Wenyeji wakienda ndundu mara nyingi, wageni wajue mambo ni magumu, kile walichotaja hakijatosha.

Basi Kamande yuko katikati ya kusema, amepaa juu kabisa na mithali zake, nikasikia kikohozi jikoni. Siku hiyo redio ilizimwa kwa heshima, na kikohozi cha Mama Wanjiru kilikuwa ndiyo taarifa ya habari. Mzee akashika fimbo. Mimi nikainuka, Muhoro akainuka, amekunja uso kwa aibu. Mzee akaziruka fito zake mbili, tukatoka watatu kimya kimya, tukaenda nyuma ya ghala. Tulikawia kidogo, maana haja ile haiharakishwi, na Muhoro alikuwa akigumia kwa sauti ya chini muda wote.

Tuliporudi, Kamande alikuwa hana tena zile mithali. Amekaa vizuri, kofia ipo magotini.

"Tumeona mmeenda ndundu," akasema. "Sisi si watu wa kiburi. Tunaongeza blanketi ya mama, ile nzito."

Nilimtazama Muhoro. Uso uliokuwa umekunjamana ukakunjuka polepole. Mzee hakusema kitu, kwa sababu sikio lake moja si zuri na alidhani ndivyo ilivyopangwa.

Kikohozi kikaja tena. Safari hii Muhoro ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, hata kabla ya mgonjwa. Tukaenda, tukarudi, na Kamande akaongeza dumu la asali. Halafu akamtazama Mzee Ndirangu, akatazama ule uso ambao ugonjwa umeunyang'anya tabasamu, akasema kwa unyonge, "Mzee, hata ungecheka kidogo tu tujue tuko wapi." Mzee akamkazia macho vilevile. Baba, Kamande akaongeza kondoo dume.

Nitakuwa mwongo nikisema sikuwa nacheka ndani. Nilikuwa nimeuma leso.

Tulipokwenda mara nyingine, pale nyuma ya ghala, Muhoro alishindwa kujizuia. Akamwambia nduguye, "Ukirudi kunywa chai tena, ndugu yangu. Kunywa mingi. Ukitoka mara ingine tunapata ndama."

Mzee akageuza kichwa. "Ndama ya nini?"

Muhoro akamweleza, anacheka. Mzee alisimama pale kwenye mabua kitambo, mkono unasokota, ukungu unatupita. Nikadhani miguu imegandama. Kisha akasema, "Twende ndani."

Muhoro alijua. Alimkamata mkono wa koti nililoshona mwenyewe. "Usiseme. Ndugu yangu, ukisema watajua uko na ugonjwa ya mkojo. Watachukua kijana wao waende." Na mimi, Baba, moyoni nilikuwa upande wa Muhoro. Nilimwona Wanjiru dirishani mwa jikoni, na leso yake mpya, na nikaogopa.

Mzee akaingia. Hakuketi. Alishika mgongo wa kiti, akasema kwa sauti ile ndogo, na kwa sababu ilikuwa ndogo watu wote walinyamaza waisikie.

"Watu wa Kangema. Hakuna ndundu. Mimi niko na ugonjwa. Hii mkono mnaiona. Hii uso yangu haicheki, si kwa sababu nimekataa maneno yenu, ni ugonjwa imeshika. Na nikitoka, naenda kukojoa, basi. Kibofu yangu haingoji. Daktari alisema si ya kuambukiza, na mara mingi watoto hawarithi, lakini mnaweza kuenda kumuuliza nyinyi wenyewe. Hiyo blanketi na asali na kondoo mmeongeza juu ya mkojo yangu, rudisheni kwa gari. Msichana wangu hawezi kuolewa na mkojo."

Muhoro alikuwa ametazama chini, amefumba macho. Wanawake waliokuwa mlangoni wameshika midomo. Bwana harusi mtarajiwa ameinama. Kamande akaiweka kofia yake juu ya meza.

"Mzee Ndirangu," akasema, "hiyo mahali ya kukojoa iko wapi?"

"Nyuma ya ghala."

"Mimi nimebana tangu chai ya pili," Kamande akasema. "Nimeogopa kutoka, ati mtasema Kangema wameenda ndundu."

Baba, nyumba ile ya mabati ilitikisika kwa kicheko. Mzee mwingine wa Kangema akasimama akasema na yeye pia, na mwingine nyuma yake akasema tangu wateremke garini hajaona mahali. Wakatoka wote, wenyeji na wageni, safu ya wazee wenye fimbo kuelekea kwenye ua wa mabua, kila mmoja akimkaribisha mwenziwe atangulie. Mzee Ndirangu aliketi kwenye kiti chake kirefu karibu na mlango. Uso wake haukucheka, kwa kuwa hauwezi, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na machozi yalimtoka. Mama Wanjiru alikuja akamfuta kwa ncha ya leso yake, mbele ya watu, kisha akarudi kwenye viazi.

Waliporudi wakamalizana haraka. Kondoo na asali vikarudi garini kama Mzee alivyosema. Blanketi likabaki, Kamande alisema hilo si la mkojo, ni la mama aliyekohoa, maana sasa ameelewa vile vikohozi. Wanjiru ameolewa, na juzi alipita hapa dukani na mumewe, ana afya na maringo. Muhoro naye siku hizi ndiye anayemsindikiza kaka yake kila mahali, mpaka kanisani, na ukimsikia anavyoihadithia habari ile utafikiri ndiye aliyesimama akasema.

Nimekuwa nikimtazama mzee yule, Baba, na kila mara nimejiuliza, huyu amenishinda nini. Si nguvu, maana hana. Kulowa bado analowa siku nyingine, hata kwa redio na lastiki, ugonjwa haukupona. Lakini akilowa anabadili nguo na kurudi barazani. Namstahi kuliko watu wengi wenye miguu mizima. Na nilipokuwa namstahi, nilikuwa nakuona wewe mle ndani yake, kwa sababu wewe ni wa namna ileile, umejisahau tu.

Ulituambia tangu tuko wadogo kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua. Ulitufundisha pia, pale uani, kwamba mtu ambaye mkojo hauachi kumtiririka ana udhuru: anajisafisha, anajifunga kitambaa, wakati wa sala ukiingia anatawadha, anasali, na sala yake ni sala. Nimemuuliza mwalimu wa madrasa yetu hapa Majengo, akaniambia hivyohivyo, na akasema nikuambie dini haikumjia mja kwa dhiki. Sasa niambie wewe, fundi wangu na mwalimu wangu, mambo hayo uliwafundisha watu wengine tu?

Pamoja na barua hii nimekutumia kifurushi. Ndani kuna suruali za ndani za lastiki, pamba laini, na kila moja ina kitambaa kinene cha ndani kinachotolewa, kikafuliwa na kurudishwa. Juu yake utavaa kanzu nyeupe niliyokushonea, pana kidogo kuliko zamani, na hakuna jicho la mtu litakaloona kitu. Najua utaigeuza ndani nje ukague mshono, na najua utapata kosa kwenye kwapa la kushoto. Nimeliacha makusudi upate la kusema.

Mimi nitafika wiki moja kabla ya harusi. Siku ya kuoza tutakwenda msikitini mapema, wewe na mimi. Tutaketi pembeni, jirani na mlango wa kutokea uani. Ukitaka kutoka, hata kama kadhi yuko katikati ya hotuba, utanigusa goti, na nitainuka nawe, na tutarudi pamoja, na watu watangoja. Kisha utampa yule kijana mkono wako umwoze Zuhura. Utatetemeka. Utetemeke tu, Baba. Mkono wa Ami Salim umetulia, na nampenda, lakini si mkono uliomlea Zuhura, na yeye mwenyewe Zuhura analijua hilo. Mama anasema amekuwa akilia jikoni na kusingizia vitunguu.

Nisalimie Mama, umwambie asikome kuniandikia anayokatazwa. Nisalimie Zuhura, bibi harusi wetu. Ami Salim mpe salamu za heshima, na umwambie kwa upole kwamba siku hiyo tutamhitaji kwenye kugawa halua, kazi ambayo hana mpinzani. Bibi mzaa Mama mbusie mkono. Jirani yetu muuza kahawa mwambie kiti chako asimpe mtu.

Mzee Ndirangu yuko hapa kwenye benchi langu wakati naandika. Nimemwambia namwandikia babangu wa Malindi, mgonjwa mwenziwe, na kwamba umeacha chai na umejifungia chumbani. Nikamuuliza kama ana salamu. Amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno:

"Mwambie huyo mzee arudie chai. Halafu akae karibu na mlango, lakini akae ndani."

Mwanao na mwanafunzi wako wa sindano,
Athumani